Prefe na Boti ya Watu Wawili

Alikuwa na tabia ya kulala ndani ya boti zisizo zake. Wavuvi wa Kituku walishamzoea. Kila Jumapili, baada ya misa ya pili, alishuka ufukweni na suti yake ya kijivu, akavua viatu, akaviweka juu ya jiwe jeusi la volkano, soksi ndani ya viatu, kisha akaomba ruhusa kwa mwenye boti kwa heshima zote, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwa mkwewe. Akiruhusiwa aliingia, akajinyosha chali katikati ya maji machafu na magamba ya samaki, akafumba macho. Muda si mrefu aliinuka, akajipangusa mgongo na kusema ama "Ndefu sana," ama "Fupi sana." Kwa miaka mingi sikumsikia akitoa hukumu nyingine.

Mtaani kwetu Mapendo hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Prefe, kwa kuwa ndivyo tunavyowaita wakuu wa shule za sekondari, na hata baada ya kukabidhi ofisi kwa mwingine aliendelea kuwa Prefe kwa muuza makaa, kwa padri na kwa mbwa wa jirani, ambao walinyamaza akipita. Mke wake alikuwa Mama Prefe, ingawa alikuwa na jina zuri la kwao Masisi ambalo dada zake tu ndio walilitumia. Mimi nilifundisha Kifaransa katika shule aliyoiongoza, na mlango wangu ulitazamana na wake. Mama Prefe ndiye aliyenipa kazi ya Jumapili.

"Mwalimu, umusindikize," aliniambia. "Hajue kuogelea ata kidogo. Siku moja atalala mule ndani, boti itaenda naye."

Alichotafuta Prefe ni boti ndogo ya kutembelea. Iwe na chumba cha kulala hata kama ni cha kuingia kwa magoti, iwe na pembe ya kuchemshia chai, iwe na moteri ya kiasi. Angezunguka nayo Ziwa Kivu polepole, ghuba hadi ghuba, na kulala popote jioni itakapomkuta. "Mi niko natafuta fasi ya kulala yenye inatembea," alisema, na kwa kuwa alisema akiwa amevaa tai, watu walidhani ni mpango wa serikali.

Hapa Goma boti hubeba kitu. Hubeba dagaa wa sambaza, makaa, maharagwe, watu na magodoro yao. Boti ya kumbeba mwenyewe tu, bila mzigo, bila haraka, ilikuwa jambo ambalo watu walikosa namna ya kulipokea. Ndugu zake, wafanyabiashara wa Butembo, walikuja siku moja na lori lao la vitunguu, wakaketi sebuleni kwake kumhoji.

"Grand frère, hiyo boti itabeba nini?"

"Itanibeba mimi."

"Na wakati ya kurudi?"

"Itanibeba tena."

Walitazamana. Kule alikotoka, mtu aliyeketi mchana huulizwa kama anaumwa. Mdogo wao akamwuliza Mama Prefe kwa sauti ya chini kama kaka yao analala vizuri siku hizi.

Shuleni hakuwa mtu wa kusita. Upepo ulipong'oa bati za madarasa mawili, kabla mvua haijaisha alikuwa amekwisha kuamua nani atasoma kanisani, nani chini ya turubai la shitingi na nani atarudi nyumbani. Wakimbizi walipolala madarasani, alikaa nao, akapanga zamu za kufagia, na masomo yakaendelea nje kwenye mawe. Aliamua mambo ya watu mia kadhaa akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai isiyo na sukari. Lakini mbele ya boti aligeuka mtu mwingine. Aliizunguka, akaigonga, akaisogelea, akarudi nyuma. Niliwahi kumshauri achukue futi ya fundi apime mara moja tujue.

"Futi inajua urefu wa mbao, Mwalimu," alinijibu. "Haijue usingizi wangu."

Na jambo ambalo sikulielewa miaka yote: ziwa lilimchukia. Tulipokwenda Bukavu kwenye mkutano wa wakuu wa shule, alitapika tangu tulipoacha bandari hadi tulipoona taa za Bukavu. Alishuka amepauka, akaketi juu ya gunia la mtu, akanywa maji. Nikasema kumbe sasa habari ya boti imekwisha. Akanitazama kwa mshangao. "Ile ni meli," alisema. "Ni kubwa. Naitapikia kwa sababu si mimi nilichagua saa ya kutoka."

Siku moja tu ndiyo alinieleza sababu, nami sikuwa nimeuliza. Tulikuwa tumeketi kwenye mawe, upepo wa alasiri umeanza kuchafua maji. Alisema kwamba tangu aanze kazi, kila asubuhi aliamshwa na kitu: kengele, mzazi, mwanajeshi anayetaka darasa, simu ya mtu anayelia. "Nataka asubuhi moja niamuke mwenyewe," alisema. "Nifungue macho, nikute hakuna mwenye alikuwa ananingojea." Kisha akavaa soksi zake.

Boti kubwa aliyokaribia kuinunua ilikuwa ya parokia moja ya ng'ambo. Ilikuwa na vyumba viwili, viti vya mbao pembeni, na paa ambalo chini yake Prefe alisimama wima bila kuinamisha kichwa. Ilikuwa imechoka lakini imara. Alilala katika chumba cha kwanza, akalala katika cha pili, akatembea kutoka mbele hadi nyuma kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Bei waliipatana. Tulirudi nyumbani akiwa kimya, nami nikadhani ni furaha.

Kesho yake alikuja kwangu kabla ya chai. "Nimehesabia usiku," alisema. "Nikiwa na boti ile, ndugu zangu bataweka vitunguu mu chumba kimoja. Kwaya itaniomba ya pili. Juu ya paa bataweka bibi harusi. Na siku serikali itakosa boti, bataichukua, baniachie karatasi. Itakuwa ya kila mutu isipokuwa mimi."

"Si ungekataa tu, Prefe?"

"Mwalimu, mi sijue kukataa. Njo maana ninataka kitu yenye itakataa pa nafasi yangu."

Ndogo ilikuwa kinyume chake. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi mjini aliondoka kwa haraka, akaiacha nyuma ya nyumba ya ufukweni, imefunikwa kwa shitingi: nyeupe, nyepesi, na kichumba cha mbele kama mdomo wa kiatu. Prefe aliipenda mara moja, kama mtu anavyopenda shati lisilomtosha. Alilala ndani, miguu ikabaki nje hadi magotini. Akasema atakunja magoti. Akasema watu wengi hulala wamekunja magoti, hata watoto tumboni.

Ndipo akamleta Mama Prefe aione. Mama huyu alikulia katikati ya ng'ombe, vilimani Masisi, na maji mengi kwake yalikuwa mto wa kuvuka kwa jiwe. Ziwa alilitazama kwa pembe ya jicho. "Ng'ombe ukimuangalia macho unajua anataka nini," aliwahi kuniambia. "Hii maji haina macho." Siku ile alivua kandambili, akapanda kwa mguu mmoja, boti ikainama upande wake kama inayotaka kummwaga. Akaketi. Prefe naye akapanda. Wakabaki wameketi magoti kwa magoti, kila mmoja ameshika kingo, wote wawili wakiogopa kupumua. Hatimaye Mama Prefe akashuka, akavaa kandambili, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Prefe akabaki ameketi peke yake. "Fupi sana," akasema, ingawa sote tulijua kuwa urefu haukuwa shida.

Miaka ikapita hivyo. Watoto wao waliondoka, mmoja Kampala, mwingine Kinshasa, wa tatu hatukujua vizuri. Kila mtoto alipoondoka nilidhani hesabu ya boti itakuwa rahisi, lakini Prefe alisema wanaweza kurudi na wajukuu. Halafu akasema hawatarudi. Halafu, kwamba heri kuwe na nafasi hata kama hawarudi. Nilichoka mimi niliyekuwa nikitazama tu.

Kilichomaliza jambo hili kilianzia barabarani. Volkano ilipotapika mara ya mwisho, na ardhi ikaendelea kutetemeka siku zilizofuata, tuliamriwa kuhama, na mji mzima ukashika njia ya Sake. Tulitembea pamoja, wao na familia yangu. Mama Prefe nyonga yake ilikuwa mbovu tangu zamani. Tulipokuwa tumeacha mji nyuma, akaketi kwenye jiwe kando ya barabara, akasema hawezi tena. Prefe alianza kusimamisha watu. Alisimamisha magari, pikipiki, akasimamisha hata watu waliobeba watoto. Mtu yule ambaye sikuwahi kumwona akiomba hata kiberiti alikimbia huku na huku na kofia mkononi. "Tafadhali. Ni mama mumoja tu. Tafadhali." Watu walipita, nao hawakuwa wabaya, kila mmoja alikuwa na wake. Mwishowe mwenye chukudu mmoja alishusha godoro lake kwenye ule ubao wa magurudumu, akampakia Mama Prefe, nasi tukasukuma kwa zamu.

Alilia njia nzima. Mke wangu akamwuliza kama nyonga inauma sana.

"Si nyonga," alisema. "Ni kuomba. Tangu Masisi niko naomba. Naomba fasi ya kulala, naomba maji, sasa naomba batu banisukume."

Tuliporudi Mapendo na maisha kukaa sawa kidogo, Mama Prefe alinijia asubuhi moja, mumewe akiwa kwenye mazishi ya mwalimu mwenzetu. Alikuwa ameuza kiwanja chake cha Munigi. Amejifunga kitenge kizuri, kile cha sikukuu. "Twende Kituku," alisema. "Na usimwambie."

Fundi wa boti alikuwa mtu wa kisiwa cha Idjwi, mpole, masikio yamejaa unga wa mbao. Alimwuliza Mama Prefe anataka mita ngapi.  Mama alitembea kwenye mstari wa mitumbwi na boti zilizovutwa nchi kavu, akasimama kwenye ya kwanza, akakaza kitenge kiunoni, akageuka, akaegemeza mgongo na kusukuma. Haikusogea. Wauza sambaza wakaanza kucheka. Akaenda ya pili, akasukuma, ikatoa sauti tu. Akaenda nyingine. Jasho lilimtoka, kilemba kikaenda upande, na kina mama wa soko wakaacha samaki wao kuja kutazama. Kwenye mtumbwi mmoja wenye rangi ya bluu, mchanga ukalia, mbao zikasogea kuelekea majini.

"Njo hii," akasema, anahema.

"Hii ni ya mutu mumoja, mama," fundi alimwambia.

"Basi ongeza fasi ya bwana yangu. Naye hanishinde nguvu mingi."

Fundi akajaribu kumweleza kwamba boti hupimwa kwa watu watakaoingia na mzigo utakaobebwa. Mama Prefe alimsikiliza hadi mwisho.

"Kuingia haina shida," alisema. "Batu banaingia tu. Mi nataka kujua siku yenye hakuna mutu wa kutusukuma, mimi na muzee tutafika mu maji ao hapana."

Ikatengenezwa hivyo. Mbao nyembamba, tumbo pana kidogo ili isiiname, kichumba cha kulala watu wawili wakiwa wameelewana, na paa la kuinua kama kifuniko cha sanduku.

 Prefe alipoambiwa, aliona ameporwa. Nilimsikia kupitia dirisha: "Mbona haukuniuliza?" Na jibu la mke wake: "Ningekuuliza, ungenijibu?" Jumapili alishuka Kituku kama kawaida, suti, viatu juu ya jiwe. Akaomba ruhusa kwa fundi kuingia ndani ya boti yake mwenyewe. Akalala. Safari hii alikaa muda mrefu hadi fundi akanitazama kwa wasiwasi. Alipotoka alijipangusa mgongo, nasi tukangoja.

"Paa iko chini," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Utaweka rido ya rangi gani kwa mulango?"

Walitembea nayo misimu miwili ya kiangazi. Mama Prefe, aliyeogopa maji, ndiye aliyekaa nyuma na kushika moteri, kwa sababu Prefe alikuwa mbele na beseni. Walikwenda karibu na ukingo, alfajiri ziwa likiwa limelala, wakasimama kabla ya upepo. Mara ya kwanza walipolala nje, alinipigia asubuhi, na sauti yake sikuitambua.

"Mwalimu! Nimeamukia fasi yenye sijue jina!"

"Uko salama?"

"Nimetapika. Mama anachemusha chai. Kuko ndege mumoja hapa, sijue anaitwa je. Mwalimu, hakuna mutu." Akacheka, akakata simu. Ninaposikia watu wakisema Prefe alikuwa mtu mkavu, mimi hukumbuka kicheko kile.

Kisha vita vikaja mjini. Vilikuwa vimezunguka miaka mingi hata tukazoea kuvitaja kama hali ya hewa, na asubuhi moja vikawa upande wa Munigi, madirisha yakatetemeka, watu wakashuka ziwani na mafurushi. Prefe na mkewe walikuwa wamejiandaa kwenda Idjwi. Nilikwenda kwao kumsaidia kubeba moteri. Tulipofungua mlango tulimkuta muuguzi aliyepanga chumba uani kwao. Alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na mama yake mzee nyuma yake ameshika kapu. Kwao kulikuwa ng'ambo, mbele ya Minova, ambako aliwahi kufanya kazi katika kituo cha afya.

"Papa Prefe," alisema, "boti za bandarini zimejaa. Banakanyagana."

"Boti hii ni ya batu wawili," Prefe alisema.

"Najua, papa."

Hakuondoka. Prefe alikuwa ameshika dumu la esanse, mafuta ya moteri, na mimi moteri begani. Mlipuko ukasikika karibu zaidi, mtoto wa mkononi akaficha uso kwenye sketi ya mama yake. Prefe akarudia tena, kwa sauti ya ofisini, kwamba boti ilitengenezwa kwa watu wawili, kwamba ikizidi itazama, kwamba alimweleza kila mtu tangu mwanzo. 

Mama Prefe alikuja kutoka ndani na mfuko wake. Akautazama ule mstari wa watu, akauweka mfuko chini, akaukalia.

"Bape boti," alisema.

"Na sisi?"

"Mi nilichoka kukimbia. Masisi nilikimbia. Volkano, nilikimbia. Leo nabaki mu nyumba yangu. Wewe kama unataka, enda nabo."

Sijui Prefe alifikiri nini pale mlangoni. Najua tu kwamba alimpa muuguzi dumu, na njia nzima hadi Kituku alimfundisha jinsi ya kuvuta kamba ya moteri, jinsi ya kukaa mbali na mawimbi ya boti kubwa, jinsi ya kuinua paa bila kulivunja. Aliyarudia maneno yale ya paa hata boti ilipokwisha kuingia majini. "Polepole na paa! Polepole!" Muuguzi aliitikia kwa kichwa, hakusikia kitu.

Siku zilizofuata tulijibanza kwenye korido yao, wao na sisi, bila maji wala umeme. Prefe alisema mara moja tu: "Saa hii tungekuwa tunakunywa chai Idjwi." Mama Prefe akamjibu, "Kunywa hapa," ingawa chai haikuwepo.

Miezi ilipita. Mji ulitulia kwa namna yake. Benki zilifungwa, shule zilifunguliwa, watu walitembea polepole kama waliotoka hospitali. Prefe hakushuka tena Kituku. Alikaa mlangoni na redio iliyozimwa. Siku muuguzi alipopiga simu kusema kuwa boti ipo, iko nzima, iko kwao, alinyanyuka akatafuta viatu kabla hajamaliza kusikiliza.

"Enda ulete kitu yetu," Mama Prefe alimwambia.

Nilimsindikiza. Tulipanda boti kubwa ya abiria na magunia, ile inayosimama kwenye masoko ya ukingoni, naye akatapika kama zamani. Muuguzi alitupokea kwa furaha, lakini niliona anatembea kando ya Prefe badala ya mbele yake, kama mtu anayechelewesha kitu. Tukafika ufukweni. Boti ilikuwepo. Paa halikuwepo. Kichumba chote kilikatwa kwa msumeno, kimebaki kisiki cha mbao pembeni, na katikati walikuwa wametandika godoro lililofunikwa kwa plastiki.

"Papa, unisamehe," muuguzi alisema. "Kituo chetu hakina daktari. Mama akishindwa kuzaa tunamupeleka hospitali kwa maji, barabara ni mbaya. Mule chini ya paa tulishindwa kumuingiza. Alikuwa analia, tumbo linagonga. Tukakata."

"Ungeniuliza."

"Simu zilikuwa hazipite."

Prefe akaingia ndani ya boti, akaketi kwenye ukingo wa godoro, akaweka mikono magotini. Hakutaka maji, hakutaka chakula kilichopikwa kwa ajili yetu. Muuguzi akaniambia kando kwamba tukitaka kuichukua hatapinga, ni mali yao. Nikamwambia sijui. Jua lilisogea. Nilimwona akipitisha kidole pale msumeno ulipopita, akirudi, akipitisha tena. Nadhani alilia, lakini alikuwa amenipa mgongo na mimi sikuzunguka.

Ndipo wakaja. Wanaume wanne na machela ya miti na blanketi, mwanamke juu yake, kimya, meno yameuma kitambaa. Mume wake alikuwa mbele, akamwona mzee wa suti ameketi ndani ya boti. "Shikamoo papa," akasema. Prefe akasimama. Akashuka majini na viatu vyake, maji yakamfika katikati ya miguu, akashika ukingo wa boti isiyumbe wakati wanampakia. Walipojaa, hawakuweza kuitoa mchangani, nasi wote tukasukuma, yeye akiwa mstari mmoja nao. Muuguzi akavuta kamba. Wakaenda.

Tulingoja hadi upepo wa alasiri ukaanza. Boti kubwa ya kurudi Goma ikapiga honi. Prefe akasema twende. Ndani alipata nafasi juu ya gunia la mihogo, na mara hii, kwa sababu nisiyoijua, hakutapika. Nikamwambia amefanya jambo jema. Alinijibu bila kunitazama.

"Usinipe sifa, Mwalimu. Kama boti yetu ingerudi kabla hii kubwa haijapiga honi, ningeichukua. Nilichoka tu."

Bandarini giza lilikuwa bado halijaingia. Mama Prefe alikuwa ameketi kwenye ndoo aliyoigeuza, fimbo mkononi, katikati ya wabeba mizigo wanaopigiana kelele. Alitazama nyuma yetu, kama boti ingekuja inatufuata.

"Iko wapi?"

"Kule."

"Iko nzima?"

"Baliikata paa," Prefe alisema. Akamsimulia, kwa maneno machache, habari ya godoro, machela, mwanamke mwenye kitambaa mdomoni. Mama Prefe alisikiliza akichora chini kwa fimbo. Nilingoja amlaumu, au amtulize, au aseme chochote kuhusu kiwanja chake cha Munigi.

"Alizaa nini?" akauliza.

"Nani?"

"Ule mama."

Prefe alinitazama, nami nikamtazama. "Hatujue," alisema. "Boti ilipiga honi."

Mama Prefe akaacha kuchora. "Miaka yote ile unangojea boti," alisema, "na unashindwa kungojea mutoto?"

Watu walitupita na magunia, mmoja akatuambia tutoke njiani. Prefe aliweka mfuko chini, akapapasa koti lake lililolowa, akatoa simu, akaipangusa kioo kwa tai, akatafuta jina la muuguzi polepole, macho yake hayaoni vizuri tena. Akaiweka sikioni. Mama Prefe akanyanyuka kutoka kwenye ndoo, akasogea, akaegemeza kichwa karibu na chake ili naye asikie, na wakasimama hivyo kati ya wabeba mizigo, simu ikiita.